Ile kadi mliyoipigia makofi

Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo.

Nimeamka saa tisa usiku kujiandaa na kazi, nikakuta kundi la familia lina ujumbe zaidi ya mia. Moyo ukanipasuka, maana kwetu ujumbe mwingi namna hiyo ni msiba. Kumbe ni klipu ya dakika mbili aliyoileta mjomba wa Igoma. Eti Marekani wageni walikuwa wanapiga kura kama watu wanavyonunua vocha, sasa wamekomeshwa, asiye na karatasi ya uraia haandikishwi. Chini yake mmeshangilia: "Safi sana. Kama ni raia, anaogopa nini?" Halafu wewe mdogo wangu, ambaye viza imeshagongwa kwenye pasipoti na shughuli ya kukuaga imeshachangiwa, ukauliza: "Dada, nikifika niwahi kuchukua kadi ya kura kama ya kaka wa Nansio kabla hawajafunga mlango?"

Nilikuwa nimeshafika kwenye maegesho ya kiwanda. Nikakaa ndani ya gari mpaka zamu ikaanza, nikachelewa, nikakatwa. Kwa hiyo jibu hili limeshanila hela. Lisomeni lote.

Usichukue kadi. Usiombe, usikubali, usisaini. Mtu akikuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, hata akiwa anacheka, hata akiwa padri, unajibu hapana, mimi si raia. Hapo sina utani.

Nimechoka na habari za mwaloni. Pale Kirumba, kati ya magunia ya dagaa, kuna mtu anawaambia wenzake kwamba ukishika leseni ya udereva Marekani umeshakuwa raia, na ukiongeza kadi ya kura hata Rais hawezi kukutoa. Mtu huyo hajawahi kuvuka hata mpaka wa Sirari. Lakini anaaminiwa kuliko mimi niliyeko huku, kwa sababu yeye anasema mnachotaka kusikia.

Baridi mmeshaiona kwenye picha. Kubeba boksi mnakujua. Mimi nilitoka kuchuna minofu ya sangara kiwandani Mwanza nikaja kukata nyama ya ng'ombe kiwandani Kansas. Kisu ni kilekile, ila huku huondoki na mapanki ya kupika jioni. Hayo tuyapite. Kinachoua watu huku ni makaratasi.

Mambo yalivyo ni hivi. Tangu sheria ya mwaka 1993, sehemu kubwa ya Marekani ukienda kuchukua leseni ya udereva unaulizwa hapohapo kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Hudaiwi cheti cha uraia. Unaweka alama kwamba wewe ni raia, unasaini kwamba umeapa, basi. Hapo klipu ya mjomba ina ukweli robo. Robo tatu zilizobaki ni kwamba asiye raia akipiga kura kuchagua Rais au wabunge wa taifa ni kosa la jinai, sheria ya 1996, kifungo mpaka mwaka mmoja na kufukuzwa nchini juu yake. Kujiita raia wakati hujawa, hata kwa kuweka alama kwenye kiboksi tu, kunaweza kukufungia mlango maisha. Kwa hiyo hawakudai karatasi mlangoni, lakini ukiingia kwa makosa, shimo liko ndani.

Sasa kaka.

Kaka wa Nansio alifika 2017, mwaka mmoja baada yangu, na grini kadi yake, yaani kibali cha kuishi huku kudumu bila kuwa raia, halali kabisa ya bahati nasibu. Alikaa kwangu wiki tatu, kisha akahamia jimbo jingine, saa tisa kwa gari, alikopata kazi ghalani. Wiki ya kwanza huko akaenda kutafuta leseni. Mfikirieni: dirisha, mama wa makamo nyuma ya kioo, foleni mgongoni, Kiingereza kinashuka kama mvua ya mawe kwenye bati. Unavaa miwani? Ndiyo. Anuani ni hii? Ndiyo. Ukifa utatoa viungo vyako wasaidiwe wengine? Ndiyo, na hapo yeye alidhani anaulizwa kama viungo vyake vyote ni vizima. Unataka kujiandikisha kupiga kura? Ndiyo. Akasukumiwa kikioo kidogo na kalamu isiyo na wino, akasaini. Juu ya sahihi kulikuwa na mstari unaosema naapa kwamba mimi ni raia wa Marekani. Maandishi madogo kama mayai ya dagaa.

Baada ya mwezi ikaja kadi kwa posta. Nimeishika mkononi. Karatasi ngumu kidogo, inaenea kiganjani, haina picha, haina muhuri wa moto, jina lake kwa herufi kubwa na jina la kituo cha kupigia kura. Unaweza kuidhania kadi ya kliniki. Akaipiga picha akaituma humu. Mnakumbuka? Mliweka mikono ya makofi mistari mitatu. "Hongera Mmarekani wetu." Baba mkubwa, Mungu amrehemu, aliipeleka ile picha stesheneri ikachapwa, akaibandika sebuleni pembeni ya kalenda.

Kupiga kura hakupiga hata siku moja. Jumanne yao ya uchaguzi ilimkuta zamu.

2022 akatimiza miaka mitano, akaomba uraia. 2023 akaitwa usaili. Kwenye ile fomu kuna swali: umewahi kujiandikisha kupiga kura Marekani? Akajibu ndiyo, tena kwa sauti ya kujiamini, akidhani anaongezewa maksi. Anasema afisa aliweka kalamu chini, akamtazama kama daktari anayejua jibu la kipimo. Maombi yakakataliwa. Ikafuata barua ya kumwita mbele ya hakimu wa uhamiaji, na mpaka ninavyoandika kesi inapigwa kalenda. Wakili wake kamwambia neno moja: usitoke nje ya nchi, ukitoka huenda usirudi. Mke na watoto wawili wako huku.

Ndiyo maana baba mkubwa alipofariki mwaka jana hakuonekana Nansio. Mliandika humu kwamba majuu yamemlevya. Kuna shangazi aliandika kwamba mtoto asiyemwaga udongo kaburini kwa baba yake hela zake ni za kishetani, na mkazipokea hizohizo za kishetani mkanunulia jeneza. Alitazama mazishi kwa simu akiwa chooni kazini, na mtandao ukakatika jeneza linashushwa. Alinipigia akaniuliza, "Walimshusha vizuri?" Sikujua. Nikasema ndiyo.

Ameniruhusu niwaambie. Yeye alijaribu kuandika mara mbili akafuta.

Na la kwangu ni hili. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema ndiyo. Zile wiki tatu alizokaa kwangu, kila nikitoka zamu nilimpa somo: ofisi za huku hawapendi mtu wa kusitasita, ukibabaika wanakutilia shaka, ukiulizwa jambo jibu ndiyo na utabasamu. Nilijiona mjuzi. Nilikuwa na mwaka mmoja Marekani. Yeye anasema si kosa langu, anasema kwa adabu ileile ya Kikerewe inayokuacha ukiwa na kosa zaidi.

Najua mtakachosema. Basi hiyo sheria wanayoitaka ni nzuri; kama yule mama wa dirishani angedai cheti cha uraia, kaka angejibu sina, angepewa leseni yake akaenda zake, na angemzika baba yake. Ni kweli. Nimelala na wazo hilo usiku mwingi. Lakini nikilala nalo namkumbuka bibi wa chini.

Nilipofika Kansas 2016 nilipanga chumba ghorofa ya juu, na chini alikaa bibi mmoja Mzungu aliyehamia kutoka Oklahoma kumfuata binti yake. Alizaliwa nyumbani shambani, mkunga akiwa jirani. Aliolewa mara mbili. Kansas ilikuwa na sheria hiyohiyo mnayoishangilia. Ilipitishwa 2011, ikaanza kubana 2013, na aliyeisukuma ni Kris Kobach, wakati huo Katibu wa Jimbo. Bibi akajaza fomu ya kuandikishwa. Barua ikarudi: lete uthibitisho kwamba wewe ni raia. Pasipoti hana, hajawahi kwenda popote. Cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo la utotoni, leseni ina la mume wa pili, na cheti cha ndoa ya kwanza kilibaki kwa mtu aliyeshakufa. Alinigongea mlango na zile karatasi kwenye sahani ya keki. Akauliza, wewe mgeni unaelewa mambo ya uhamiaji, hebu niangalizie. Mimi! Nina miezi minne nchini, namsaidia mzaliwa wa Oklahoma kutafuta uraia wake. Hakuukamilisha. Siku tisini zikapita, fomu ikafutwa.

Hakuwa peke yake. Zaidi ya watu 31,000 walikwama Kansas kwa sheria hiyo. Kesi ilipofika kwa Jaji Julie Robinson mwaka 2018, ikaonekana wasio raia walioingia kwenye daftari la jimbo zima kwa miaka 19 hawakuzidi 39. Nyinyi ni watu wa ziwa, mnalijua kokoro. Hili walilitupa kutafuta samaki 39, likakokota 31,000, wachanga kwa wazee. Kobach alijitetea mwenyewe mahakamani, akaharibu hadi jaji akamwamuru akaongeze saa 6 za masomo ya sheria. Jaji akaifuta sheria, rufaa ikashindwa 2020, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuigusa. Leo yeye ni Mwanasheria Mkuu wa Kansas hiihii. Siasa bwana, haina aibu mahali popote.

Na nyinyi mnaosema "kama ni raia anaogopa nini", mmemsahau bibi yetu mwenyewe?

Januari 2020 nilimpigia simu wiki nzima haipatikani. Nikadhani amekufa mnanificha. Kumbe laini yake imefungwa, kwa sababu haikusajiliwa kwa alama za vidole, kwa sababu hana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kwa sababu alizaliwa Ngara. Kwa mtendaji wa mtaa aliulizwa baba yako alizaliwa wapi, na babu yako je, na mbona lafudhi yako kama ya Burundi. Mhangaza wa watu, ameolewa Usukumani tangu enzi za pamba, amezaa saba, wanne wamezikwa kwenye ardhi hii. Alipiga kura tangu tunaitwa Tanganyika. Siku ile alirudi nyumbani akalala bila kula, mama ndiye aliyeniambia. Kama Jenerali Ulimwengu, aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya, mwaka 2001 aliambiwa si raia, bibi asiye na cheti cha kuzaliwa ana ubavu gani? Mjomba, wewe ndiye uliyempeleka na pikipiki mara tatu. Leo unatuma klipu.

Sisemi karatasi isidaiwe. Wala sisemi idaiwe. Sijui nisemeje, na nyinyi mnataka nipige makofi au nizomee.

Hiyo habari ya klipu yenyewe mwaka 2025 ilikuwa bado haijawa sheria. Rais Trump alitoa amri mwezi Machi 2025, mahakama zikaishika shati. Aprili 10 mwaka huohuo Bunge la Wawakilishi likapitisha muswada kwa kura 220 kwa 208, ukakwama Seneti, maana Seneti si rahisi. Muswada kama huo ukipita, leseni za kawaida hazitatosha. Hata hizi mpya zenye nyota juu hazithibitishi uraia. Yangu ya nyota niliipata nikiwa na grini kadi tu. Itabidi pasipoti, au cheti cha kuzaliwa kinachooana na jina lako la sasa. Na kiasi cha nusu ya Wamarekani hawana pasipoti. Wanawake walioolewa wakabadili majina ndio watakaozunguka kama bibi wa chini. Mimi? Mimi sitapata shida yoyote. Mgeni aliyeapa ana bahasha: cheti cha uraia, pasipoti, nakala za kila kitu, na nakala za nakala. Tunalala tumezikumbatia. Wenyeji ndio hawajui vyeti vyao viko droo gani.

Mdogo wangu, ulikuwa unasubiri ushauri, chukua.

Njoo. Nimeona watu wanakukatisha tamaa humu, wapuuze, njoo. Kata cheti chako cha kuzaliwa cha RITA sasa hivi, hakikisha tarehe inafanana na ya pasipoti mpaka nukta. Usije na makoti ya mitumba ya Mlango Mmoja, hayazuii kitu. Ukiulizwa swali usilolielewa, sema sijaelewa. Omba mkalimani, ni haki yako, hawatakuchukia. Usisaini kikioo chochote bila kusoma, foleni ikilalamika nyuma yako iache ilalamike. Ukitimiza miaka mitano omba uraia siku hiyohiyo, usichezee.

Au usiombe. Hapo nisikilize vizuri.

Mimi niliapa 2021. Nililipa dola 725, nikajibu maswali kuhusu katiba yao ambayo bibi wa chini alisema hata yeye angefeli. Nje ya ukumbi kulikuwa na meza, mama wawili wazee wenye beji, wanawaandikisha raia wapya kupiga kura. Nilisimama mbele ya ile fomu mkono unatetemeka, nikarudia kusoma kile kimstari mara tano, nikiwa na cheti cha uraia kwapani. Yule mama akaniambia, mpenzi, sasa ni kweli. Nikasaini.

Siku ile nilipata kura moja nikapoteza nyingine. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 haitaki mtu mzima mwenye nchi mbili. Ukiapa kwa watu, kwenu umejitoa. Mnajua lakini hamjawahi kuliona linavyouma. Nilipokuja kumuuguza mama, pale uwanja wa ndege Dar es Salaam nilielekezwa mstari wa wageni, nikalipa dola 100 za viza kama Mzungu wa kwenda Serengeti. Kijana wa dirishani akaona jina langu akanisalimia Kisukuma, "Mwadila mayu." Nikamjibu "Mhola," na nikampa pesa. Kile kiwanja cha Kisesa ninachokilipia kiko kwa jina lako, mdogo wangu, kwa sababu tulipokiandikisha asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi hapo. Ukinidhulumu sina pa kushtaki, ujue hilo nalijua na bado nimekutumia hela ya bati.

Halafu mama aliniuliza kwenye simu kabla ya uchaguzi wa 2025: "Oktoba utakuja tupige kura?" Nimemweleza mara tatu. Hata ningebaki Mtanzania, aliyeko nje hawekewi kituo cha kura Kansas. Anasema kadi yangu ya 2015 anayo kwenye sanduku la bati, ameifunga kwenye kitenge, haijachakaa. Nakumbuka siku niliyoipata: foleni kwenye uwanja wa shule, vidole kwenye mashine, picha nimekunja sura kwa jua, kadi ikatoka bado ina joto. Hakuna aliyeniomba cheti. Walionijua walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja akapaza sauti, "Huyo ni mtoto wa mama dagaa." Ikatosha.

Kwa hiyo mdogo wangu, uraia uchukue, utakulinda. Na usiuchukue haraka, mama bado yuko hai. Nikisema nakupa jibu moja nitakuwa nakudanganya kama yule wa mwaloni.

Hela ya mwezi huu nitatuma Ijumaa. Laki mbili ni za dawa za mama, si za mchango wa sherehe. Sherehe punguzeni soda.

Shangazi, ile picha ya kadi bado iko sebuleni Nansio pembeni ya kalenda. Naomba mtu aitoe kabla ya arobaini ya mama mkubwa wa pili, watu wataanza kuulizana. Msiichane. Iwekeni ndani ya Biblia ya baba mkubwa.

Na kaka anatoka kazini saa kumi jioni ya huko kwake, yaani usiku wenu wa manane kasoro. Mpigieni Jumapili, yuko mapumziko. Mwelezeni baba yake alivyoshushwa, nani alishika kamba, mvua ilinyesha au haikunyesha. Habari za kesi msimuulize.